Mgeni wa pili wa Ziwa Kivu: Lamprichthys kwenye maji ya sambaza

Mwaka 2006 Ziwa Kivu lilirekodiwa kuwa na samaki mpya. Jina lake la kisayansi ni Lamprichthys tanganicanus, na kwao ni Ziwa Tanganyika. Hakuletwa na mradi wa uvuvi. Alikutwa tu, tena katika maji ya wazi mbali na ufuko, kule kule ambako ekipe za trimara (mitumbwi mitatu iliyounganishwa, inayovua usiku kwa taa) za Bukavu, Kalehe, Idjwi na Goma hutafuta sambaza, samaki mdogo wa fedha. Hiki ni kisa cha namna alivyoingia, anachokula, sababu ya kutoweza kumtoa tena, na kazi inayowezekana kufanywa sasa. Msimamo wetu tunautaja mapema: hatari kubwa leo ni kumchanganya na sambaza kwenye beseni moja na kwenye mstari mmoja wa kaye (daftari) ya mizani, maana hapo mabadiliko ya ziwa yanapita na hakuna anayeyaona.

Ili kuelewa kwa nini ujio wake ni jambo zito, lazima kwanza tulitazame ziwa lenyewe.

Kivu ni kubwa na lina kina, lakini sehemu yake iliyo hai ni nyembamba. Uso wake una ukubwa wa kilomita za mraba 2,370 hivi, na chini kabisa linafika mita 485. Lakini oksijeni inaishia kwenye mita 60 au 70 za juu, tena hapo ni wakati wa kiangazi, pepo za Juni hadi Septemba zinapoyachanganya maji. Majira ya mvua tabaka hilo huwa jembamba zaidi. Chini ya hapo kuna gesi ya methani na ya kaboni dioksidi, na hakuna samaki anayeweza kuishi. Kwenye ghuba ya Kabuno, upande wa Minova, hali ni ngumu zaidi: tabaka la juu lina mita 11 hivi tu. Kwa hiyo mtu akisema ziwa ni kubwa na nafasi ipo kwa kila samaki, amehesabu maji ambayo samaki hawezi kuyatumia.

Pia ni ziwa maskini wa aina za samaki. Zamani maji yake yalielekea kaskazini, yakazuiwa na volkano za Virunga, ndipo yakapata njia ya kusini kupitia Ruzizi. Historia hiyo iliacha aina zisizofika 30. Kati yake, 15 ni za kundi la haplokromine, samaki wa jamaa ya tilapia, na hazipatikani kwingine duniani. Tanganyika iliyo jirani ina aina zaidi ya 250. Zaidi ya hapo, Kivu halikuwa na samaki hata mmoja wa kula zooplanktoni, yaani vile vidudu vidogo vinavyoelea kwenye maji ya wazi. Chakula kilikuwepo, mlaji hakuwepo.

Pengo hilo ndilo lililomleta mgeni wa kwanza wa maji ya wazi. Kati ya 1958 na 1960 Mbelgiji aitwaye Collart alisafirisha vifaranga zaidi ya 57,000 vya samaki wadogo wa Tanganyika wa aina mbili, Stolothrissa na Limnothrissa. Stolothrissa hakushika. Limnothrissa miodon alishika, na kufikia miaka ya 1970 alikuwa ameenea ziwani. Huyo ndiye sambaza. Watu wengi wa Bukavu waliozaliwa baada ya hapo humwona kuwa samaki wa asili wa Kivu, na ni haki yao, kwa kuwa ndiye aliyewalisha. Lakini katika hesabu ya ziwa, naye ni mgeni.

Mgeni huyo alikula kwa bidii. Kidudu kikubwa cha zooplanktoni kiitwacho Daphnia, ambacho watafiti wa miaka ya 1950 walikikuta hapa, kilitoweka. Vilivyobaki ni vidogo zaidi, hasa kopepodi. Mwaka 1986 mwanasayansi wa Ubelgiji, Henri Dumont, alionya kwamba sambaza atamaliza chakula chake na uvuvi wote utaanguka. Haukuanguka. Vipimo vya samaki kwa mawimbi ya sauti vilifanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, vikarudiwa mwaka 2008, na hesabu zilikaribiana. Ziwa lilijipanga upya likiwa na vidudu vidogo na sambaza wa kutosha. Tunalitaja hili kwa sababu mbili: mgeni akiingia haileti maangamizi kila mara, na vilevile kile alichokiondoa hakirudi. Daphnia hakurudi.

Kumtambua mkononi

Mengi ya makosa yanaanzia hapa. Usiku, chini ya taa ya bateri, wote wawili wanang'aa na wote ni wadogo. Lamprichthys mkubwa anaweza kufika sentimita 15, lakini walio wengi kwenye wavu ni wa kimo cha sambaza. Mshike samaki mmoja, mlaze kwenye kiganja chenye maji, kisha angalia haya.

Anza na tumbo. Pitisha kidole chini ya tumbo kutoka tundu la nyuma kuelekea kooni. Kwa sambaza kidole kitakwaruzwa na mstari wa magamba magumu yaliyopangwa kama meno ya msumeno. Kwa Lamprichthys tumbo ni laini. Alama hii inafanya kazi hata gizani, hata kwa samaki aliyeanza kukauka, na ndiyo tunayoiamini kuliko zote.

Kisha pezi la mgongoni. La sambaza limekaa karibu na katikati ya mgongo. La Lamprichthys limerudi nyuma, karibu na mkia, na chini yake, nyuma ya tundu, kuna pezi jingine refu. Mkia wa sambaza umegawanyika ncha mbili zilizo wazi. Wa Lamprichthys haukugawanyika hivyo. Mdomo wa Lamprichthys umeelekea juu, kama ilivyo kwa samaki wanaookota chakula karibu na uso wa maji.

Rangi iwe ya mwisho. Lamprichthys hai, hasa dume, ana vidoa vya buluu vinavyong'aa kwa safu ubavuni. Sambaza ana mstari wa fedha. Lakini magamba ya sambaza hutoka haraka, na vidoa vya buluu hufifia samaki akifa. Anayetegemea rangi saa moja baada ya trimara kufika atakosea sana, na atakosea upande mmoja daima: atawaita wote sambaza.

Aliingiaje

Kivu na Tanganyika zimeunganishwa na Ruzizi, basi wengi wanafikiri samaki alipanda mto. Tazameni vipimo. Uso wa Kivu uko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, wa Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Mto wenye urefu wa kilomita 120 hivi unashuka karibu mita 690, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko kwenye makorongo kati ya Bukavu na Kamanyola. Juu yake kuna mabwawa ya umeme: Ruzizi I tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II tangu 1989. Samaki wa sentimita 10 hapandi makorongo hayo, wala hapandi kupitia mitambo ya bwawa.

Kushuka ni jambo jingine. Sambaza wa aina hii hii walipopandikizwa kwenye bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968, walishuka wenyewe na Zambezi hadi Cahora Bassa kule Msumbiji. Yaani ukuta wa bwawa hauwazuii wanaoteremka. Unawazuia wanaopanda.

Kwa hiyo njia iliyobaki ni ya nchi kavu. Kati ya Uvira na Bukavu kuna barabara ya Kamanyola na mlima wa Ngomo, na siku zote hupitisha mapipa, mabidoni, nyavu mbichi na vifaranga vya kufugia. Samaki mdogo mwenye afya, akiwekwa kwenye mfuko wa plastiki wenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni, anamaliza safari hiyo akiwa hai. Hata bidoni lililojaa nusu na kutikiswa na gari njia nzima linaingiza hewa ya kutosha kwa samaki wachache. Na wachache wanatosha, kama wamo madume na majike, na kama ziwa wanaloingia lina miamba.

Kivu lina miamba. Hili ndilo lililomwezesha. Sambaza huachia mayai kwenye maji karibu na ufuko, na watoto wake hukulia hapo kabla ya kwenda maji ya wazi. Lamprichthys hufanya tofauti: jike na dume husogea kwenye ufa wa jiwe, na yai linawekwa ndani ya ufa. Kule ndani mayai hayafikiwi kwa urahisi na walaji, na hayaburutwi na wavu wa kukokota. Pwani za Kivu, za Idjwi hasa, zina mawe mengi ya volkano na ya mlimani yenye nyufa. Kwao Tanganyika pwani za mawe zimejaa walaji na wapinzani wa kila namna. Hapa alikuta nyumba tayari na majirani wachache.

Anakula nini, na wapi anagongana na sambaza

Tumbo la samaki ndilo linalojibu, na watafiti wa hidrobiolojia wa Institut Supérieur Pédagogique (ISP) ya Bukavu pamoja na wenzao wa Ubelgiji wamelichungulia. Jibu linategemea mahali. Karibu na ufuko kuna chakula cha namna nyingi, wakiwemo wadudu wanaoanguka majini na wanaoishi majini, kwa hiyo samaki hawa wawili hawabanani sana. Kwenye maji ya wazi mambo yanabadilika: kule kuna zooplanktoni, zaidi kopepodi, na wote wawili wanakula kutoka sahani hiyo moja.

Ndiyo maana habari ya kuonekana kwake katikati ya ziwa ni nzito kuliko habari ya kuonekana kwake mawe-mawe. Lamprichthys anayebaki pwani ni nyongeza ya samaki. Anayekwenda katikati ni mshindani, katika ziwa ambalo tabaka lake la chakula ni jembamba na ambalo vidudu vyake vikubwa vilikwisha kuliwa miaka mingi iliyopita.

Kuna tofauti moja ya saa inayoweza kupunguza msuguano. Lamprichthys anawinda kwa macho, mchana. Sambaza mchana hukaa chini na usiku hupanda. Lakini kopepodi aliyeliwa saa nne asubuhi hayupo saa mbili usiku. Tofauti ya saa inawapunguzia kukutana, haiwaongezei chakula.

Tahadhari moja kwa wanafunzi wanaopasua matumbo ya samaki wa trimara. Taa inavuta wadudu wa angani, wanaanguka majini, samaki wanawameza pale pale. Inavuta pia vidudu vya maji. Tumbo la samaki aliyekaa saa mbili chini ya taa linasimulia habari ya taa, siyo ya ziwa. Ukitaka kujua anachokula kwa kawaida, mkamate kwa wavu wa kutega usio na taa, uutoe majini haraka, umtie kwenye fomalini ya asilimia 10 mara moja. Samaki aliyekufa anaendelea kumeng'enya. Ukichelewa hadi ufike Bukavu mjini, utakuta uji usiotambulika, na utajaribiwa kuandika "tumbo tupu".

Kwa nini hatutamtoa

Swali hili linaulizwa kila mara, na mfano mzuri wa kujibia unatoka mbali, kwa kome wa milia wa maji baridi, wanyama wa majini wenye gamba, wale wanaosumbua maziwa ya Marekani tangu mwisho wa miaka ya 1980. Kome hao hujibandika kwenye kila kitu kigumu, huziba mabomba ya maji, na hula planktoni kwa kuchuja hadi wengine wanakosa. Watoto wao hawaonekani kwa macho, wanasafiri ndani ya maji yaliyobaki sakafuni mwa boti. Wameingia maziwa mengi mno, na waliofaulu kuwaondoa wote kabisa ni wachache sana. Moja ya mahali hapo ni Millbrook, shimo la zamani la kuchimba mawe huko Virginia lililojaa maji. Lina ukubwa wa hekta 5 hivi na kina cha mita 28. Mwaka 2006 waliingiza zaidi ya lita 650,000 za maji yenye kloridi ya potasiamu kwa muda wa wiki tatu, hadi maji yote yakafikia miligramu 100 hivi kwa lita. Kome walikufa, samaki walibaki.

Ilifaulu kwa sababu shimo lilikuwa dogo, halikuwa na mto wa kutoka, na dawa ilichagua. Chukua sasa Kivu. Tabaka la mita 60 za juu peke yake lina zaidi ya kilomita za ujazo 100 za maji. Kwa kipimo kile kile ungehitaji zaidi ya tani milioni 10 za potasiamu, na hiyo ni dawa isiyomdhuru samaki. Dawa zinazoua samaki hazichagui: zingemwua sambaza, zingewaua haplokromine 15 wasiokuwepo kwingine, kwenye maji ambayo Goma na Bukavu wanachota kila siku, katika ziwa la nchi mbili, Kongo na Rwanda. Hakuna wa kulijadili hilo kwa dhati.

Kuvua kwa nguvu nako hakumtoi. Anayetaga ndani ya ufa wa jiwe ana akiba ambayo wavu haufiki. Wavu wa neti ya mbu unaokokotwa ufukoni "ili kummaliza mgeni" utachukua watoto wa sambaza wanaokulia hapo hapo, na yeye utamwacha kwenye mawe. Tumesikia hoja hiyo ikitumika kutetea neti za mbu. Ni hoja mbovu, na inaumiza samaki yule yule inayodai kumwokoa.

Kinachobaki ni kumvua na kumla kama samaki mwingine, kumhesabu vizuri, na kuziba njia aliyopitia.

Kumhesabu: kazi ya beseni mbili

Kwenye vituo vingi samaki wote wadogo huingia mizani pamoja na kuandikwa neno moja, fretini. Tuseme trimara imeleta kilo 40 mwaka huu na kilo 40 mwaka ujao. Kaye inasema hakuna kilichobadilika. Lakini mwaka wa kwanza zilikuwa kilo 38 za sambaza, na wa pili kilo 25. Kaye haikudanganya, ila haikuulizwa.

Namna inayofanya kazi, na isiyohitaji vifaa vya ghali, ni hii. Vinahitajika mizani ya gramu inayofika kilo 5, mabeseni mawili meupe, ubao wenye rula uliowekewa kizuizi upande mmoja, penseli, na daftari lenye jalada gumu. Mchukua sampuli afike kabla trimara haijagusa ufuko, siyo baada. Akina mama wakishaanza kuchambua kwa ukubwa, sampuli imeharibika. Wala siyo kosa lao, ni biashara yao na wanataka kuwahi soko kabla jua halijapanda.

Chota kilo moja juu ya rundo, moja katikati, moja chini kabisa. Samaki hujipanga kwenye mtumbwi: wa mtego wa kwanza wako chini, wa alfajiri wako juu, na saa ya mtego inabadilisha mchanganyiko. Anayechota juu tu anapima alfajiri. Acha samaki wachuruzike dakika tano kwenye kikapu kabla ya kupima, kwa kuwa maji yaliyoshikwa kati ya samaki wadogo yana uzito wa kutosha kuharibu asilimia. Kisha kila samaki apitishwe kidole tumboni: wenye msumeno beseni hili, laini lile. Pima kila beseni, na uhesabu vichwa pia. Uzito peke yake unapotosha pale Lamprichthys wakubwa wachache wanapofunika wadogo wengi wa sambaza.

Mfano wa hesabu. Trimara imeleta kilo 42. Sampuli ya kilo 3 imetoa gramu 360 za Lamprichthys. Hiyo ni asilimia 12, yaani kilo 5 hivi za mzigo wote, na 37 za sambaza. Hilo ni jibu la trimara moja kwa usiku mmoja, na halitoshi kusemea ziwa. Samaki hawa hutembea kwa makundi, na kundi moja likiingia kwenye wavu linageuza asilimia ya usiku mzima. Chukua trimara tano kwa usiku, na usiku kadhaa ndani ya mwezi mmoja wa giza.

Mwezi wa angani una maana kubwa hapa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti, trimara nyingi hubaki ufukoni, na zinazotoka huleta kidogo. Linganisha giza na giza. Andika pia idadi ya taa na aina yake, idadi ya mitego, saa za kazi, na tundu la wavu. Ekipe iliyobadilisha taa za mafuta kwa taa za bateri zenye mwanga mkali inaweza kuleta zaidi kwenye ziwa lenye samaki pungufu, na bila safu ya taa kwenye daftari utasherehekea ongezeko ambalo halipo.

Kwenye urefu kuna mtego mdogo unaowanasa hata waliosoma. Mkia wa sambaza umegawanyika, wa mwenzake haukugawanyika, kwa hiyo urefu hadi ncha ya mkia haulingani. Pima wote wawili kutoka pua hadi mwisho wa uti wa mgongo, pale mkia unapokunjika ukiusukuma, na uandike juu ya ukurasa kwamba ndivyo ulivyopima. Ukikuta daftari la zamani lisilosema lilipima namna gani, usilichanganye na lako.

Na kwa samaki waliokauka: kilo tatu hadi tano za mbichi hutoa kilo moja ya kavu, kutegemea jua, siku na ukubwa wa samaki. Pengo hilo ni pana mno. Takwimu za gunia la kavu zibaki kwenye safu yake, zisigeuzwe kuwa mbichi kwa kukisia.

Trimara peke yake haimwoni Lamprichthys wa mawe. Ili kumfuata, tega wavu mwembamba wa matundu madogo kwenye pwani ya miamba, kwenye kina cha mita 5 hadi 10, kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, mahali pale pale kila mwezi. Asilimia ya trimara ikipanda huku ya pwani imetulia, maana yake anatoka kwenda maji ya wazi. Hiyo ndiyo ishara tunayoiogopa, na bila kutega sehemu zote mbili haiwezi kusomeka.

Kuziba njia

Mgeni mwingine akija, huenda asiwe mpole hivi. Na maziwa madogo ya huku yana hatari kubwa kuliko Kivu: Lac Vert karibu na Goma, maziwa ya Mokoto kule Masisi, mabwawa ya kufugia yaliyochimbwa kando ya mito. Ziwa dogo halihitaji vifaranga 57,000. Ndoo moja inatosha. Tena kumbuka kwamba tilapia watatu, Oreochromis macrochir, Oreochromis leucostictus na Coptodon rendalli, nao waliletwa Kivu na watu, siyo na mito.

Wavuvi wanaohamisha nyavu kutoka Tanganyika kuja Kivu, au kutoka Kivu kwenda ziwa jingine, wazikaushe kabisa juani siku tano, zikiwa zimetandazwa na kugeuzwa. Wavu uliokunjwa unakauka nje na kubaki mbichi ndani. Kama hakuna muda, maji ya moto ya digrii 60 yaliyomwagwa hadi kila fundo lipate joto yanaua mayai, vidudu na hata kome. Maji yaliyoko sakafuni mwa mtumbwi au kwenye pipa yamwagwe kwenye udongo, mbali na ufuko, mahali yatakapozama ardhini, siyo kwenye mfereji unaorudi ziwani.

Kwa wafugaji, jambo la kuangalia ni mfuko wa vifaranga. Vifaranga vya sentimita mbili au tatu vya aina tofauti hufanana mno ndani ya plastiki. Mfuko uelee kwanza kwenye beseni la maji ya bwawa robo saa ili joto lilingane, kisha ufunguliwe ndani ya beseni jeupe, kamwe siyo bwawani moja kwa moja. Gawa vifaranga mia kwa mia. Juu ya weupe, tilapia mdogo anaonekana na mistari ya kusimama na pezi la mgongoni linaloanza karibu na kichwa. Yeyote mwembamba kuliko wenzake, mwenye pezi lililorudi nyuma, au anayekaa juu juu akimulika, atolewe kwa kijiko cha wavu. Badilisha maji ya beseni mara tatu. Maji ya safari yamwagwe ardhini, hata kama muuzaji anasema ni maji ya bomba.

Samaki asiyetambulika asirudishwe mtoni kwa huruma. Apigwe picha ubavu ukiwa juu ya rula, kisha awekwe kwenye chupa yenye alkoholi ya famasia ya asilimia 70 inayomfunika kabisa, pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, alitoka wapi, alikamatwa kwa kifaa gani. Wino wa bik huyeyuka ndani ya alkoholi na kuacha karatasi nyeupe. Chupa hiyo ipelekwe kwa watu wa hidrobiolojia wa ISP hapa Bukavu au kwenye kituo cha utafiti wa hidrobiolojia cha Uvira. Walio na vitabu vya kutambulia samaki ni wao, na wakipata chupa moja mapema wanaweza kusema kama bwawa hilo lifungwe na kukaushwa kabla mvua haijalifungulia mto.